Harry Kim Hakupandishwa Cheo

Nilipokuwa chuo cha theolojia, mwalimu mmoja mgeni alimaliza muda wake akatuachia mikanda ya video. Miongoni mwake ilikuwamo tamthilia ya Kimarekani iitwayo Star Trek: Voyager, iliyooneshwa kwa misimu 7, kuanzia mwaka 1995 hadi 2001. Tulikuwa tukiitazama bwaloni Jumamosi usiku, na ubishi wake uliendelea hadi Jumapili baada ya ibada.

Kwa ambao hawaijui: meli ya anga inatupwa ghafla mbali na dunia, umbali wa miaka ya nuru 70,000. Hata kwa kasi yake kubwa kabisa, safari ya kurudi nyumbani ingechukua miaka 75 hivi. Nahodha wake ni mama aitwaye Kathryn Janeway. Katika meli hiyo wamo vijana wawili marafiki. Tom Paris, mwana wa admirali, aliwahi kusababisha ajali iliyoua watu watatu, akasema uongo, akafukuzwa jeshini, akajiunga na waasi, akaishia kifungoni New Zealand. Nahodha anamtoa kifungoni, kisha anampa cheo cha luteni. Mwenzake, Harry Kim, ametoka chuoni moja kwa moja. Ni mtiifu na mchapakazi, na anaanza na cheo cha chini kabisa cha ofisa.

Katika msimu wa 5 Tom anavunja amri, anashushwa cheo na kufungwa siku 30. Mwaka 2000 anarudishiwa uluteni wake. Harry je? Yuko palepale hadi kipindi cha mwisho. Msimu wa 7 yeye mwenyewe anasema kwamba kama wangekuwa nyumbani, angekuwa ameshapanda. Cheo hakikuja, wala sababu.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Mwenzetu aliyewahi kuwa askari kabla ya kuitikia wito alisema hakuna jeshi linaloendeshwa hivyo. Mwingine akasema meli ni ndogo, nafasi za juu zimejaa. Tukamjibu kwamba Tuvok alipandishwa cheo katika meli hiyohiyo. Wengine walimchunguza nahodha moyoni: anambeba Tom kwa kuwa aliwahi kufanya kazi chini ya baba yake! Wengine wakasema hapana, anampenda kwa kuwa alikuwa amepotea.

Mimi nilikuwa wakili wa Harry, tena mkali. Usiku mmoja mwenzangu wa chumbani alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Ndugu yangu, wewe unaongea kama yule kaka mkubwa wa Luka 15." Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Miaka ilipita, nikabarikiwa kuwa mchungaji. Katika usharika mmoja niliopangiwa, alirudi kundini mzee aliyekuwa chini ya nidhamu ya kanisa kwa muda mrefu. Tulimpokea kwa furaha na machozi. Baada ya miezi michache nilipendekeza awe mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, kwani ana kipaji hicho. Nilihubiri habari za mwana mpotevu, na nadhani nilihubiri vizuri.

Wiki hiyo alikuja ofisini mwinjilisti wa mtaa wetu wa mbali. Alikuwa amehudumu kulekule miaka 17. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Baba Mchungaji, sina neno na ndugu yetu aliyerudi. Nilishangilia pamoja nanyi. Ila nimekuja kuuliza kama kuna mtu anayejua kwamba mimi nipo."

Nilimjibu kama mtu aliyesoma. Nilimwambia kwamba Luther alifundisha mwaka 1520 kuwa mbele za Mungu askofu na fundi viatu ni sawa, na tofauti yao ni kazi waliyopewa tu. Ni mafundisho ya kweli, nami nayaamini. Lakini nilipokuwa nikiyasema niliona macho yake yakishuka chini, nikatambua kwamba nimeitumia kweli hiyo kumnyamazisha. Ni rahisi kusema vyeo si kitu ukiwa umekalia kiti chenye mito.

Usiku ule nilimkumbuka Harry Kim. Miaka yote nilijiona mimi ndiye Harry. Sasa nikajiona nimekaa kwenye kiti cha nahodha.

Nikaisoma tena Luka 15, nikasimama mahali ambapo huwa ninapita haraka. Baba alimkimbilia mwana mdogo barabarani. Hilo tunalijua sote. Lakini baba huyohuyo aliacha wageni, nyama na ngoma, akatoka nje mara ya pili siku ileile, akamfuata kaka mkubwa gizani na kumsihi. Hakumpokonya mdogo pete ili kumridhisha mkubwa. Alimwambia kwamba anamwona, na kwamba vyote vilivyo vyake ni vya mwanawe pia. Neema ina safari mbili, na mimi nilikuwa nimekwenda moja tu.

Basi kosa la Janeway halikuwa kumrudishia Tom uluteni. Hilo lilikuwa tendo jema. Kosa lake ni kwamba hakutoka nje kwa Harry.

Jumamosi iliyofuata nilipanda pikipiki hadi kwenye ule mtaa. Sikuwa na cheo cha kumpelekea, wala nauli ya kumsomesha. Nilimwomba radhi mbele ya mke wake, tukala ugali pamoja, kisha akanitembeza nyumba kwa nyumba hadi jioni. Kila nyumba alijua majina ya watoto. Mimi, mchungaji wao, sikujua hata moja.

Tangu siku hiyo, kila tunapomrudisha mtu kundini, najiuliza nani amebaki nje akisikia ngoma. Je, wewe unayesoma haya, katika nyumba yako au usharika wako, ni nani hajafuatwa?