Tundu la Bafuni Lililoua

Ukifika Kowloon, Hong Kong, utayaona maghorofa marefu ya Amoy Gardens, madirisha ya bafu yakitazamana kwenye uwazi mwembamba. Machi 2003, mgeni mwenye ugonjwa wa SARS alitumia choo humo. Wakazi zaidi ya 300 wakaugua, 42 wakafa.

Ugonjwa ulipitia wapi? Chini ya tundu la sakafu ya bafu, bomba hupinda na kushika maji yanayozuia hewa chafu. Sakafu zilikuwa zikipanguswa kwa tambara tu, maji hayo yakakauka. Feni zikavuta hewa ya bomba hadi ndani, zikaitema kwenye uwazi, ikapanda orofa za juu.

Nawe uishiye ghorofani, tundu usilolitumia limwagie kopo la maji kila wiki.