Kuzama si Kuzamia



Sisi wanawake wa Unguja bahari tunaijua kwa miguu. Maji yakitoka tunaingia: mwani, chaza, pweza, kutanda dagaa. Maji yakijaa tunarudi nchi kavu. Huko kwenye kina tumewaachia wanaume na wageni.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikasomea ushonaji, na sasa nina duka langu la nguo za maharusi. Miaka hii mabiharusi wanaokuja kushonesha nguo za fungate wananiuliza sana nguo ya stara ya kuzamia. Na karibu kila mara mama aliyemsindikiza hudakia: “Mwanangu, watu huenda fungate kuzama?”

Sicheki. Tangu misiba ya Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012, neno hilo ni zito kwetu. Mtaani kwetu ipo nyumba ambayo haikupata hata maiti ya kuzika. Mama yangu naye, nilipomwambia nataka kujifunza kuzamia, alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza jambo moja tu: “Kuogelea unajua?” Sikujua. Nilikuwa na miaka 31, nimezaliwa kisiwani.

Basi nikaanza hapo. Nilitafuta mwalimu wa kike, tukawa tunakwenda alfajiri baada ya sala, ufukwe mtupu. Wala hili si geni kwetu. Kule Nungwi mradi wa Panje umewafundisha mabinti kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima. Kozi ya mwanzo ya cheti cha kuzamia hutaka uogelee mita 200 na uelee dakika 10. Ukishapata cheti hicho, unaruhusiwa kushuka hadi mita 18.

Nilipoiva nikapelekwa kwenye meli ya Great Northern, nje ya Mji Mkongwe. Ilikuwa meli ya Kiingereza ya kutandaza nyaya za mawasiliano chini ya bahari, ikazama mwaka 1902. Imelala mita 12 hivi, kwa hiyo hata mwanafunzi anafika. Chuma chote kimevaa matumbawe, kitatange wanapita madirishani kama watoto wa chuoni wakitoka kusoma. Na matumbawe yenyewe si mawe. Ni viumbe hai wadogo wasiohesabika, kila mmoja anajenga kijumba chake. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe yao. Tunaisoma Surat Ar-Rahman, tunapita kwenye lulu na marijani, lakini wangapi wetu tumeyaona yakiwa hai?

Nilichojifunza kule chini ni hiki: anayezama na anayezamia wako kwenye maji yale yale. Kinachowatenganisha ni elimu na utulivu. Kanuni ya kwanza ni usizuie pumzi hata mara moja, kwa sababu unapopanda hewa hutanuka na inaweza kupasua mapafu. Unapumua polepole, kama mtu anayevuta tasbihi. Unaposhuka unabana pua na kupuliza taratibu ili masikio yazibuke, na yakikataa hushuki zaidi.

Sasa bibi harusi wangu, twende kwenye yako.

Nguo. Usivae pamba wala dera, hunywa maji na kukuvuta chini. Vaa suti ya kuzamia, juu yake kanzu fupi ya naironi inayokauka haraka, isiyobana wala kupepea. Mimi hukata mikono ikaishia kwenye kifundo, na sitii mishipi wala malinda, kwa sababu chochote kinachoning’inia kitanasa kwenye mabomba au kwenye chuma cha meli. Kichwani vaa kofia ya kuzamia inayofunika nywele na shingo. Miwani lazima ikae juu ya ngozi ya uso. Ukingo wake ukipanda juu ya kitambaa, maji yataingia.

Mwenza. Kuzamia ni wawili wawili, kila mmoja anamkagulia mwenzake vifaa na hawaachani. Kama mumeo naye anazamia, huyo ndiye mwenzako, raha iliyoje! Lakini mume mgeni wa bahari hawi badala ya mkufunzi. Omba mkufunzi wa kike mapema, siku ya kuweka nafasi, kwa sababu mkufunzi atakushika mkono na kukufunga vifaa. Wakikwambia hayupo, tafuta kwingine bila haya.

Mwili. Ukiwa mjamzito, au unadhani umebeba, usizamie kabisa. Mafua, pumu au ugonjwa wa moyo, sema ukweli kwenye fomu na umwone daktari kwanza. Na usipande ndege haraka. Ukizamia zaidi ya mara moja, subiri angalau saa 18. Wengi hupanga kuzamia siku ya mwisho ya fungate; nyinyi pangeni siku za mwanzo.

Adabu. Usiguse matumbawe wala usisimame juu yake. Mengine hukua sentimita moja tu au mbili kwa mwaka, na teke moja humaliza kazi ya miaka mingi. Usichukue hata msumari wa meli.

Mkiwa hamjui kuogelea, msione unyonge. Anzeni na maji ya kiunoni, mabinti na mama zao. Hata usipozamia maisha yako yote, anayeishi kisiwani na kupanda boti kwenda Pemba ana haki ya kujua kuelea. Mama yangu hajakubali kuzamia, na sitamlazimisha. Ila Jumamosi hizi anakuja na shungi lake, anaelea dakika mbili, anahesabu mwenyewe kwa sauti.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi nchi kavu na majini. Amin.