Daftari la Kisiwa cha Gough

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Kauli hiyo inaeleweka barabara katika kisiwa cha Gough, jabali la volkano lililo kusini mwa Bahari ya Atlantiki, takriban kilomita 2,700 kutoka Cape Town. Huko, kiumbe anayetoshea kiganjani anammaliza mmojawapo wa ndege wakubwa kabisa wa baharini.

Ndege huyo ni albatrosi wa Tristan. Takriban wote huzaliana Gough, na jozi inayofanikiwa kulea hutaga yai moja tu kila baada ya miaka miwili. Adui wake ni panya mdogo aliyefikishwa kisiwani na merikebu za wawindaji wa sili katika karne ya 19. Msimu wa baridi unapoadimisha chakula, panya humwendea kinda kiotani usiku na kumla angali hai. Kinda ana uzito unaowazidi panya hao mara mia kadhaa, lakini hujikalia kimya. Tangu jadi ukoo wake haukumjua adui wa nchi kavu. Hakurithi hofu wala mbinu ya kujihami.

Kila mwaka, yapata Septemba, meli kutoka Afrika Kusini huwashusha watu wachache: wahudumu wa kituo cha hali ya hewa, pamoja na watafiti wanaotumwa na RSPB, shirika la Uingereza la kulinda ndege. Kabla ya kushuka, mifuko, soksi na nyayo za viatu hukaguliwa isije ikabeba hata mbegu moja ngeni. Meli ikishang'oa nanga, hakuna duka wala jirani kwa takriban mwaka mzima. Kila mmoja huwa na zamu yake ya kupika na kufagia.

Alfajiri watafiti huusikiliza upepo kabla ya kufungua mlango. Huvaa viatu ambavyo havikukauka jana, wakapanda kwenye makangaga hadi vinamasi vinavyomeza mguu hadi gotini. Januari huhesabu ndege wanaoatamia na kuandika mahali pa kila kiota. Miezi ifuatayo hurejea papo hapo, mvuani na ukunguni, kuona nani amesalia. Jioni huita kituoni kwa redio kuarifu kwamba wako salama, kisha hunakili tarakimu za siku kwa mwandiko safi.

Lakini kuhesabu si kazi ya mikono tu. Kuna asubuhi mtafiti hufika kiotani akamkuta kinda angali amekaa wima, manyoya yamelowa damu, kidonda kimefunguka mgongoni. Angetaka kumbeba. Hata hivyo, viota ni vingi, usiku ni mrefu, na panya hawana idadi. Huandika alama moja daftarini, akasimama kidogo, akaendelea na safari. Nani angesema kalamu ni nyepesi?

Na bado ni alama hizo, pamoja na kamera za usiku mwanzoni mwa karne hii, zilizoufumbua macho ulimwengu. Mwaka wa 2021 helikopta zilimwaga chambo chenye sumu kisiwani kote ili kuwaangamiza panya. Msimu uliofuata makinda wengi walinusurika. Ila Desemba ya mwaka huohuo panya mmoja alionekana, na ikabainika kuwa kazi haikukamilika. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: watafiti wakafunga tena mizigo, wakapanda tena vinamasini na daftari.

Humo daftarini, kiota kitupu kina maana mbili. Kikiwa kitupu Juni, ni msiba. Kikiwa kitupu mwishoni mwa Desemba, pasi na mifupa kando yake, huenda kinda amekunjua mbawa zake ukingoni mwa mlima, akauamini upepo, akaenda zake baharini. Ni kwa ajili ya utupu huo wa pili watu hao huvumilia viatu vibichi mwaka mzima.