Nasaha kwa mpwa: betri kubwa ya gari la umeme na safari za Tabora

Ukubwa wa betri ya gari la umeme hupimwa kwa kilowati-saa, na kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya LUKU. Betri ya uniti 40 ikijaa ina umeme uleule ambao nyumba ndogo hutumia kwa wiki kadhaa. Gari dogo kama Nissan Leaf hula uniti 15 hadi 18 kwa kilomita 100, kutegemea mwendo, mzigo na kiyoyozi. Mpwa anayeuliza kama aongeze fedha apate betri ya 62 badala ya 40 anapaswa kwanza kujua gari litakwenda wapi kila wiki na litalala wapi likichajiwa. Bei huja baada ya hayo mawili.

Leaf inafaa kuwa mfano kwa sababu imetengenezwa kwa betri za ukubwa tofauti. Ilianza mwaka 2010 na betri ya uniti 24, ikafuata ya 30, kisha ya 40 mwaka 2017 na ya 62 mwaka 2019. Kwa vipimo vya Marekani, ya 24 ilikwenda kilomita 117 hadi 135 ikiwa mpya, ya 40 karibu 240, na ya 62 karibu 360. Hizo ni kilomita za gari jipya. Gari lililotumika Japani miaka sita au saba lina betri iliyochakaa kiasi, na hakuna mtu mwenye busara anayesafiri mpaka chaji iishe kabisa. Hesabu ya kweli huanza na asilimia 85 ya umbali wa mwanzo, kisha huacha akiba ya asilimia 20. Kwa betri ya 40 hubaki kilomita 165 hivi, na kwa ya 62 hubaki karibu 245. Ya 24 ambayo imeshafika asilimia 65 ya uwezo wake hubaki na kilomita 65 au 70 tu. Hiyo ni ya kuzunguka mjini, na kijana anayeanza maisha hapaswi kuinunua kwa kuvutwa na urahisi wa bei.

Kilomita hizo sasa ziwekwe juu ya barabara za Tabora. Kwenda Sikonge na kurudi ni karibu kilomita 145, kwa hiyo betri ya 40 inatosha. Urambo na kurudi ni karibu 180, na hapo betri hiyo huingia kwenye akiba, jambo linalovumilika mara moja moja lakini halifai kuwa desturi. Nzega na kurudi ni karibu 230. Safari hiyo ni ya betri ya 62, au ya gari lenye mahali pa kuchaji Nzega wakati mwenyewe anafanya shughuli zake. Anayekwenda Nzega kila wiki kwa biashara na hana ndugu wala mteja wa kumpa soketi huko ana sababu ya haki ya kununua betri kubwa, na asione haya kuitaka.

Safari inayowafanya wengi watamani betri kubwa ni ile ya mashariki, kuelekea Dodoma na Dar es Salaam. Ndiyo njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, yaani eneo la Tabora. Baada ya Ugogo misafara iliingia Mgunda Mkali, pori kavu lililokwisha Tura, mpakani mwa Unyamwezi. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walilipita kabla ya kufika Kaze, karibu na Tabora ya leo, Novemba 1857. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi wa vitambaa, shanga au pembe, na kila kilo ya chakula aliyoiongeza kwa ajili ya pori ilipunguza nafasi ya bidhaa iliyomlipa. Kiongozi wa msafara alipanga chakula kwa umbali kati ya kisima na kisima, hakupanga kwa urefu wa njia nzima mpaka pwani.

Betri nayo ipangwe hivyohivyo, kwani barabara ya leo hupita ukanda huohuo. Tabora hadi Nyahua ni karibu kilomita 85, Nyahua hadi Chaya nyingine 85, na Chaya hadi Manyoni kupitia Itigi karibu 90. Jumla ni 260, na kutoka Manyoni hadi Dodoma zimebaki karibu 130. Betri ya 62 iliyochakaa kidogo huwasili Manyoni ikiwa imegusa akiba yake, na Dodoma haifiki. Ya 40 huishia njiani. Kwa maneno mengine, mamilioni yanayoongezwa kwa ajili ya safari ya Dar hayainunui safari hiyo, kwani betri zote mbili zinahitaji vituo vya kuchajia kwa kasi njiani. Vituo vya kuaminika vikiwepo, hata ya 40 hutosha kwa kusimama mara nyingi zaidi. Visipokuwepo, gari litalala kwenye soketi ya nyumba ya wageni mpaka kesho yake mchana. Kwa mtu anayekwenda Dar mara mbili kwa mwaka, basi au treni ya Reli ya Kati, iliyofika Tabora tangu 1912, ni nafuu na haina wasiwasi.

Leaf ina udhaifu mmoja ambao wauzaji huupitia harakaharaka. Betri ya matoleo haya haina mfumo wa kupozwa kwa maji. Ikichajiwa kwa kasi mara mbili au tatu siku moja kwenye safari ndefu, hupata joto, na gari lenyewe hupunguza kasi ya kuchaji ili kuilinda. Joto ndilo pia linalozeesha seli kwa miaka. Tabora ipo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wake hupoa, lakini Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za Novemba, jua la mchana ni kali. Kuegesha chini ya mwembe ni matunzo ya betri, na miembe Tabora haijawahi kuwa haba. Gari lisiachwe juani siku nzima likiwa na chaji ya asilimia 100. Asilimia 80 inatosha siku za kawaida. Magari mengi ya Kichina, yakiwemo ya BYD, hutumia betri za aina ya LFP, ambazo ni nzito zaidi kwa kila uniti lakini huvumilia vizuri zaidi kujazwa na kutumiwa mara nyingi. Betri ndogo ya aina hiyo iliyo nzima yaweza kuwa na maana kuliko kubwa iliyochoka.

Gharama nayo itazamwe bila kujidanganya. Kilomita 1,000 kwa mwezi zinahitaji uniti kama 180, ukihesabu na zinazopotea wakati wa kuchaji. Mteja wa TANESCO wa kundi la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, aliyezoea bei ya Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi, asitegemee bei hiyo, kwani uniti zinazozidi 75 kwa mwezi hutozwa Sh 350. Ikichukuliwa Sh 350 kwa zote, umeme wa gari ni Sh 63,000 kabla ya kodi. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita hunywa lita 83, na lita ikiwa Sh 3,000 ni karibu Sh 250,000. Nafuu ni kubwa kweli, hasa mkoani ambako bei kikomo za EWURA hubeba pia gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini. Lakini nafuu hiyo hutokana na kilomita zinazotembewa. Betri ya 62 haiongezi hata shilingi moja ya akiba kama gari linafanya safari zilezile ambazo ya 40 ingezifanya. Kinyume chake, ina kilo kama 410 dhidi ya 300 hivi, na uzito huo hukokotwa kila siku.

Tofauti ya bei pia hukua bandarini. Kwa viwango vya kawaida, ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 inayotozwa juu yake hugeuza kila milioni moja ya tofauti kuwa karibu milioni moja na nusu. Tuseme tofauti imefika milioni 8, na safari zinazoihitaji ni nne kwa mwaka. Kwa miaka mitano kila safari imegharimu Sh 400,000 kabla ya kugusa umeme, na gari la kukodi lingefanya kazi hiyo kwa pungufu.

Hoja moja inaisimamia betri kubwa kwa nguvu, nayo ni kukatika kwa umeme. Soketi ya nyumbani ya ampea 10 hutoa kilowati 2.3, kwa hiyo mwendo wa kilomita 60 hurudishwa kwa saa tano hivi. Umeme ukikatika usiku mbili mfululizo, mwenye betri ya 62 anaendelea na kazi siku ya tatu, na mwenye ya 40 ameshaanza kuhesabu. Kwa muuguzi wa zamu au mwenye duka anayefuata mzigo alfajiri, hilo lina thamani ya fedha. Kwa mtu mwenye bodaboda mlangoni na kazi ya ofisini, thamani yake ni ndogo.

Kwa kazi ya mpwa kama ilivyo sasa, mjini na Sikonge, na Urambo mara chache, mjomba anashauri betri ya 40 yenye afya ya asilimia 85 au zaidi. Akihamishiwa kazi za Nzega, ushauri unageuka. Afya hiyo ipimwe kwa kifaa kinachochomekwa kwenye gari na kusomwa kwenye simu, pamoja na kutazama baa 12 za dashibodi, maana baa ya kwanza hupotea uwezo unapofika karibu asilimia 85. Muuzaji asiyekubali kipimo aachwe na gari lake. Fedha iliyobaki itangulie kwa fundi umeme aliyesajiliwa, avute waya wa peke yake kutoka kwenye mita, afunge soketi imara na ethi ya kweli. Waya wa kuchajia unaokuja na gari la Japani una plagi isiyoingia kwenye soketi za Tanzania, na kuunganisha kwa ekstensheni ya dukani ndiko kunakounguza nyumba.

Mjomba wake, Tabora