Siku tatu Bangkok na watoto: Jiji lenye jina la mama na la mwanawe

Wafanyabiashara wa nguo kutoka Afrika Mashariki wanaifahamu Bangkok kwa Pratunam, mtaa wa maduka ya jumla. Watalii wanaifahamu kwa mahekalu yenye mapaa ya dhahabu. Mzazi anayekwenda na watoto anaweza kuliona jiji hilo kwa jicho jingine, maana sehemu kadhaa zinazotembelewa sana pale zilizaliwa na ugonjwa, na mara mbili na msiba wa mtoto.

Magharibi ya mto Chao Phraya ipo hospitali yenye jina la mtoto wa mfalme aliyefariki akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Mashariki ya mto, katikati ya maghorofa, ipo taasisi ya chanjo na nyoka yenye jina la mama yake. Jirani na taasisi hiyo ipo bustani kubwa ambayo ardhi yake ilitolewa na kaka wa mtoto huyo. Siku tatu zinatosha kuzunguka kote huko bila kuwachosha watoto.

Siku ya kwanza: Mtoni na mahekaluni

Bangkok ilifanywa mji mkuu mwaka 1782, na kitovu chake cha kale kiko kandokando ya mto. Njia nzuri ya kufika huko ni boti ya abiria. Upepo wa mtoni huwapoza watoto, na foleni za magari huzisikii.

Kasri Kuu hufunguliwa saa 2:30 asubuhi, na kufika saa hiyohiyo ni nusu ya mafanikio. Kufikia saa tano jua huwa kali na umati umejaa. Mabega na magoti lazima yafunikwe, kwa wanawake na wanaume. Ndani ya kasri kuna sanamu ndogo ya Buddha ya jiwe la kijani, yenye kimo cha sentimita 66. Watoto hufurahi wakiambiwa kuwa sanamu hiyo ina nguo za misimu mitatu, na kwamba mwenye kazi ya kuibadilisha ni mfalme mwenyewe. Nje ya geti mtu mwenye maneno matamu akikuambia kuwa kasri limefungwa leo, twende nikupeleke kwingine, usimsikilize. Ni ujanja wa miaka mingi.

Mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo kuna Wat Pho, hekalu lenye Buddha aliyelala, urefu wa mita 46. Nyayo zake pekee huwaacha watoto midomo wazi. Wengi hupiga picha na kuondoka, wakaacha kitu ambacho mzazi angependa kukiona. Katika karne ya 19, Mfalme Rama III aliamuru elimu ya tiba ya wakati wake ichongwe kwenye mabamba ya mawe na kuwekwa hekaluni hapo, pamoja na michoro ya mwili inayoonyesha sehemu za kukandwa. Wakati huo elimu ya mganga ilifichwa ndani ya ukoo. Kuichonga ukutani kulimaanisha kwamba yeyote anayejua kusoma angeweza kuipata. Mpaka leo ukandaji wa Kithai hufundishwa hapo, na UNESCO imeyaingiza maandishi hayo katika kumbukumbu za dunia.

Siku ya kwanza iishie hapo. Joto la Bangkok ni la unyevunyevu, kama la Dar es Salaam ya mwezi Februari, na Aprili huwa kali zaidi. Mtoto mdogo hupoteza maji haraka na hasemi mpaka ameshachoka. Mpe maji kidogokidogo kila baada ya muda mfupi, asisubiri kiu, na saa za mchana mkae ndani.

Siku ya pili: Kilima na hospitali

Asubuhi ya siku ya pili ni ya Wat Saket, hekalu lenye kilima kilichotengenezwa na watu. Ngazi zake ni zaidi ya 300, zinazunguka kilima taratibu chini ya miti, na njiani kuna kengele ambazo watoto wanaruhusiwa kuzigonga. Juu kabisa jiji lote linaonekana.

Chini ya kilima kuna sanamu za tai wakizunguka maiti. Hizo si mapambo. Mwaka 1820 kipindupindu, kilichokuwa kimeanzia Bengal miaka mitatu kabla, kiliingia Bangkok. Kwa desturi maiti hazikuchomwa ndani ya kuta za mji, zilitolewa nje kupitia lango lililo karibu na hekalu hili. Watu walikufa kwa maelfu, moto ukazidiwa, na tai wakashuka. Mzazi aamue mwenyewe kama umri wa mwanawe unafaa kuziona sanamu hizo. Kwa mtoto wa darasa la tano au la sita, aliyewahi kusikia matangazo ya kipindupindu mtaani kwao, ni somo linaloeleweka bila maelezo mengi.

Mchana, vuka mto kwa kivuko mpaka gati la Wang Lang. Soko la hapo lina vyakula vya kila aina, na nyuma yake ndiyo Hospitali ya Siriraj.

Mwaka 1887 Mfalme Chulalongkorn na Malkia Saovabha walikuwa katika maandalizi ya kujenga hospitali ya kwanza ya kudumu ya Siam, kama nchi ilivyoitwa wakati huo. Kabla kazi haijafika mbali, mtoto wao Siriraj Kakudhabhand akafariki kwa kuhara damu. Baada ya mazishi, vifaa vya majengo yaliyosimamishwa kwa ajili ya kuchoma mwili wake vilichukuliwa kujengea wodi. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1888 na ikapewa jina la mtoto huyo. Mwaka 1896 mama yake alianzisha hapohapo shule ya wakunga na wauguzi. Leo Siriraj ni miongoni mwa hospitali kubwa kabisa za nchi hiyo na chuo chake kikongwe cha udaktari.

Hospitali ina makumbusho yaliyo wazi kwa wageni. Ile ya historia, iliyo katika jengo la zamani la stesheni ya reli, inafaa familia nzima. Ile ya tiba huonyesha miili na viungo halisi vya binadamu. Watoto wadogo wasiingizwe.

Mtoto wa mfalme, mwenye waganga wote wa nchi pembeni yake, alikufa kwa ugonjwa ambao leo hutibiwa katika zahanati. Dawa ya kuongeza maji mwilini, ORS, inauzwa katika kila duka la dawa Bangkok kama ilivyo nyumbani. Mtoto akianza kuharisha safarini, mpe mapema, kijiko kwa kijiko, na anayenyonya aendelee kunyonya. Ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, analia bila machozi, hakojoi au amelegea, usisubiri kesho. Mpeleke hospitali.

Hilo lisiwatishe watoto kula. Chakula cha barabarani Bangkok ni sehemu ya raha yenyewe. Chagua kibanda chenye wateja wengi, ambako chakula kinatoka motoni mbele yako. Sema "mai phet", yaani kisiwe na pilipili. Wali wa kuku au wali wa kukaanga humfaa mtoto asiyezoea ladha ngeni. Familia za Kiislamu zitapata chakula halali katika mtaa wa Bang Rak, karibu na Msikiti wa Haroon. Maji yawe ya chupa. Matunda ya kumenya ndiyo salama, na hapo watoto wa Unguja watacheka: shokishoki na doriani wanazozijua kwao asili yake ni ukanda huu.

Siku ya tatu: Nyoka na kenge

Siku ya tatu ni ya watoto. Katika barabara ya Rama IV ipo Taasisi ya Malkia Saovabha, inayoendeshwa na Msalaba Mwekundu wa Thailand. Wengi huiita shamba la nyoka, na shamba hilo lilifunguliwa mwaka 1923. Siku za kazi, asubuhi wataalamu hukamua sumu ya nyoka mbele ya wageni. Sumu hiyo hudungwa kidogokidogo kwa farasi mpaka damu yao itengeneze kinga, na kinga hiyo ndiyo dawa anayochomwa mtu aliyeumwa na nyoka. Mchana kuna maonyesho ya nyoka walio hai, na wenye moyo huruhusiwa kumshika chatu.

Chanzo cha taasisi hii si nyoka, ni mbwa. Mwaka 1911 binti wa Mwanamfalme Damrong, ndugu wa Mfalme Chulalongkorn, alifariki kwa kichaa cha mbwa. Baba yake akahamasisha michango ili chanjo itengenezwe nchini. Kazi hiyo ilikua, ikaingia chini ya Msalaba Mwekundu, na Mfalme Vajiravudh akaipa taasisi jina la mama yake. Miongo kadhaa baadaye, wataalamu wake walibuni utaratibu wa kuchoma dozi ndogo za chanjo ndani ya ngozi badala ya kwenye msuli, ili chanjo ileile itoshe watu wengi zaidi. Shirika la Afya Duniani liliukubali utaratibu huo.

Mbwa na paka wasio na mwenyewe bado wapo wengi Bangkok, hasa mahekaluni. Waambie watoto mapema: hatumshiki mnyama tusiyemjua, na mkwaruzo wowote unasemwa, hakuna atakayegombezwa. Mtoto akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kupata chanjo siku hiyohiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, hakuna tiba.

Malizia siku katika Bustani ya Lumphini, ambayo ardhi yake ilitolewa na Mfalme huyohuyo Vajiravudh. Kuna ziwa, boti za kukanyaga na kenge wakubwa wanaotembea kwenye majani kama wenye mali. Hawana haja na watu, ila wasichokozwe.

Kabla na baada ya safari

Anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda au DRC huhitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano, pamoja na watoto wa kuanzia miezi tisa. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari. Miezi ya Novemba hadi Februari ndiyo yenye nafuu ya joto.

Beba dawa ya kufukuza mbu na uitumie mchana, kwa sababu mbu wa dengue huuma mchana. Wakazi wa Dar es Salaam wanaukumbuka ugonjwa huo tangu mlipuko wa mwaka 2014. Mtoto akipata homa, mpe paracetamol. Epuka aspirini na ibuprofen, maana dengue huweza kusababisha kutoka damu na dawa hizo huongeza hatari.

Homa inaweza pia kuanza mkiwa mmesharudi nyumbani, hata wiki mbili baadaye. Kipimo cha malaria kikisema hakuna, usiridhike na kuondoka. Mwambie daktari mlikuwa Thailand, na tarehe mliyorudi.