Vidonge Vilivyohesabiwa Mezani



Mdogo wangu alirudi Manono akiwa na figo ya dada yetu mwilini mwake. Alikuwa amepandikizwa nje ya nchi, nasi jamaa tulishangilia tukidhani safari imekwisha. Muuguzi mmoja wa hapa kwetu ndiye aliyetufundisha kwamba ilikuwa imeanza tu.

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Ronald Herrick alimpa figo pacha wake Richard, na kwa kuwa walikuwa mapacha wa kufanana, mwili wa Richard haukuikataa. Wagonjwa wengine karibu wote hawana bahati hiyo. Mwili huiona figo mpya kuwa adui, hivyo yawapasa kumeza dawa kila siku, kwa saa zilezile, muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Dawa hizo hupunguza pia kinga ya mwili. Kwao homa ndogo si jambo dogo.

Muuguzi yule alimpima mdogo wangu uzito, joto na shinikizo la damu, akamwuliza juu ya mkojo na uvimbe wa miguu. Siku moja alimwomba alete vidonge vyake, akavihesabu mezani. Vilikuwa vingi kuliko ilivyopasa.

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Alikuwa akimeza nusu ili vimfikishe mwisho wa mwezi, maana aliona haya kutuomba fedha tena. Nami, kaka yake, mwalimu wa miaka mingi, nilikula naye kila Dominika bila kumwuliza neno hilo.

Muuguzi hakumkaripia. Alisema, «Asante kwa kunieleza ukweli, baba. Sasa tunaweza kusaidiana.» Siku ileile daktari wake alipigiwa simu, nasi ndugu tukagawana gharama. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba figo ilikuwa imeanza kudhoofika. Nguvu iliyopotea haikurudi. Iliyobaki ingali inafanya kazi.

Wako kati yenu wanaotamani kuwa wauguzi. Jifunzeni kupima na kuandika kwa uaminifu, lakini jifunzeni pia kuuliza bila kumwaibisha mtu. Nasi wengine tusingoje muuguzi. Je, nyumbani kwenu ni nani anayemeza dawa kila siku? Umemwuliza, kwa upole, kama zinamtosha?