Bizimu Lililovunjika

Huenda msomaji akastaajabu kukuta habari za viatu vya kukanyagia barafu katika kurasa hizi, zilizozoea ngeli na vina. Lakini sisi tunaofundisha Kiswahili upande wa Kasese twaishi chini ya Milima ya Rwenzori, na barafu, ingawa haituangukii vichwani, imo katika riziki ya majirani zetu. Kilele cha Margherita, mpakani mwa Uganda na Kongo, kina urefu wa meta 5,109. Mwana wa mfalme kutoka Italia, Mtemi wa Abruzzi, alikikwea mwaka 1906, na wageni hawajaacha kuja tangu hapo. Mizigo yao hubebwa na Wakonzo, na njia huonyeshwa na Wakonzo. Kazi hiyo ilikatika mwaka 1997, hifadhi ilipofungwa kwa ajili ya vita, ikarejea mwaka 2001.

Rwenzori ni mlima wa matope. Karibu safari nzima hutembewa kwa mabuti ya mpira, yale yale ya mkulima. Huko juu kabisa, ndipo kiongozi anapovaa buti gumu na kufunga chini yake kramponi, yaani fremu ya chuma yenye meno ya kuuma barafu. (Mimi ningependa tuiite njumu ya barafu, ila wanafunzi wangu wakisikia njumu huwaza kandanda tu.) Buti lenyewe aghalabu ni la mtumba au ni zawadi ya mgeni aliyekwisha kurudi kwao. Likikatika kulabu, au bizimu la kramponi likivunjika, hakuna duka mjini Kasese liuzalo kipande hicho. Na kiongozi asiye na viatu hukaa nyumbani. Ujira wa safari ile huenda kwa mwingine.

Jirani yangu wa Bwera alinijia na mashaka hayo zikiwa zimebaki siku mbili tu kabla ya safari. Kulabu moja ya buti ilikuwa imeng'oka pamoja na ribiti yake, bizimu la mkanda wa kramponi limepasuka, na juu ya hayo fremu ya kramponi moja ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Tulikwenda soko la Mpondwe, kwa fundi viatu mmoja aliyetoka ng'ambo ya mto, Kongo. Mzee yule aligeuza buti mara mbili, akabonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba, kisha akasema: "Mwalimu, hii kiatu ingali nguvu. Ni chuma yake tu ndiyo imechoka." Upatanisho wa ngeli ulikuwa umevunjika kuliko bizimu, lakini utambuzi wake ulisimama imara. Zipo soli za plastiki laini ambazo unyevu huzila kwa ndani miaka inavyopita, hata kama buti limelala kabatini bila kuvaliwa. Ukucha ukizama na soli ikamong'onyoka, hakuna gundi itakayofaa, na fedha ya fundi ni ya kutupa.

Kazi yake nilitazama kwa makini, na naieleza kwa kuwa yeyote mwenye nyundo aweza kuifanya nyumbani. Alikula kichwa cha ribiti kuukuu kwa tupa, akakisukuma kisiki chake nje kwa msumari. Tundu lilikuwa limepanuka, kwa hiyo alishona kiraka cha ngozi kwa ndani, akakitoboa kwa msharasi. Msumari wa moto hakuutaka, kwani moto hukausha ngozi na tundu hupasuka baadaye. Ribiti mpya aliikata katika waya mnene wa umeme, wa shaba, ambayo hufuliwa baridi bila kukatika. Washa nazo alizikata katika bati la shaba. Nilipomwonyesha kipande cha sufuria alikikataa: shaba na alumini zikigusana penye maji, alumini huliwa upesi. Waya aliuacha utokeze juu ya washa kiasi cha unene wake mara moja na nusu, akaugonga polepole kwa kuuzunguka mpaka ukawa kama uyoga. Kichwa cha ndani alikilaza bapa kabisa na kukifunika kwa ngozi nyororo. Malengelenge ya mguu, mtu akiwa siku kadhaa mbali na kwao, si jambo dogo.

Bizimu alilipata katika mkoba kuukuu wa shule, la chuma kitupu. Mkanda wenyewe aliufanya kwa kipande cha mkanda wa kiti cha gari bovu, akaushona kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, akayeyusha ncha zake kwa kiberiti zisifumuke. Wapo wanaofunga kramponi kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kwa mzigo sawa. Kwa mguu sikubali, maana mpira huvutika na kramponi huteleza upande penye mtelemko.

Ufa wa fremu hakuugusa. Jirani yangu hakupendezwa, kwa kuwa hatua chache kutoka hapo palikuwa na mchomeleaji ambaye angeuziba kwa fedha kidogo. Mzee alimjibu kwamba chuma kile kimetiwa maji, na moto ukikipitia ugumu wake hutoka. Kwa macho kitaonekana kizima, kumbe kitakatikia juu ya barafu, na wa kwanza kuanguka ni yeye aliyetangulia kamba. Walibishana kitambo. Mwishowe jirani aliazima kramponi za shemeji yake, na sehemu ya ujira ikawa ya shemeji.

Tulipokuwa tukilipa nilimweleza mzee kwamba kile alichokiita "chuma ya kufunga" Kiswahili kina jina lake, bizimu. Hakuwa amelisikia, akalifurahia. Sasa kwa kuwa huko kwao vitu ni bitu, alihesabu bi- kuwa kiambishi cha wingi, na safari iliyofuata nilimkuta akimwagiza mwanafunzi wake amletee "kizimu kimoja". Nilianza kumsahihisha, nikaona kijana amekwisha kukileta.